Doom kwenye Laptopu Kuukuu: Ushauri kwa Mchezaji wa Baray

Msimu wa vitunguu ukiisha Baray, katika Bonde la Eyasi, na deni la mbegu, mbolea na dizeli ya pampu likishalipwa, baadhi ya vijana hupanda gari kwenda Karatu mjini, wengine hadi Arusha, kutafuta laptopu iliyotumika. Wakirudi nayo, jirani huuliza inacheza gemu gani. Halafu huyo huyo jirani huitazama umri, huuliza RAM, na kujijibu kwamba haitaweza kitu. Magemu ya kufyatua risasi ya siku hizi yanajaza makumi ya GB kwenye diski, yanataka kadi ya picha ya gharama, na hata ukiyapata hayaishi kudai masasisho yanayomaliza bando la wiki kwa usiku mmoja.

Ninalo jibu jingine kwa swali hilo. Laptopu hiyo inacheza Doom, tena inacheza vizuri kuliko kompyuta ambazo gemu hilo liliandikiwa. Simpi mtu kifuta machozi kwa sababu hana mashine kubwa. Kati ya magemu yote ambayo mchezaji huiona dunia kwa macho ya mpiganaji na bunduki ikatokeza mbele yake, Doom ndilo ambalo mtu wa Bonde la Eyasi anaweza kulishika lote mkononi: alicheze bila bando, amgawie rafiki bila kuvunja sheria, kisha alifungue ndani na kulijenga upya. Free Fire iliyoko kwenye simu yako haikuruhusu hata moja kati ya hayo.

Wapo wachache watakaolirudia, waliolionja miaka ya mwisho ya 1990 kwenye kompyuta za ofisini au za intaneti kafe. Kwa wengi wetu litakuwa jipya kabisa. Doom lilitolewa tarehe 10 Desemba 1993 na kampuni ndogo ya id Software ya Texas, Marekani. Siku hiyo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. ITV na wenzake walianza mwaka 1994. Mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni nchini, na ingawa marufuku hiyo ilikuja kuondolewa, mashine ziliendelea kuwa chache na za ofisini. Kwa hiyo usione haya kuanza leo.

Kwa nini jepesi hivi

Ukijua sababu ya wepesi wake, utajua pia namna ya kulitumia, kwa hiyo vumilia aya tatu za ufundi.

Mei 1992 kampuni hiyo hiyo ilitoa Wolfenstein 3D. Humo kuta zote zilikuwa za kimo kimoja, zilikutana kwa pembe mraba, na sakafu ilikuwa bapa mwanzo hadi mwisho. Doom lilileta ngazi, mashimo, kuta za mshazari, madirisha, na vyumba vyenye giza na mwanga tofauti. Kompyuta za wakati ule zingeshindwa kuchora hayo yote kwa kasi, ila mwandishi wa programu, John Carmack, alikuta njia katika maandiko ya watafiti wa picha za kompyuta. Ramani hupasuliwa vipande viwili, kila kipande viwili tena, na kuendelea, na kazi hiyo hufanywa mapema kabla gemu halijafika kwa mchezaji. Wakati wa kucheza, kompyuta haihangaiki kutafuta ukuta upi uko mbele ya upi. Inafuata orodha iliyokwisha kupangwa, inachora wa karibu kwanza, na uliofichwa nyuma yake inauruka.

Kwa mbinu hiyo Doom liliweza kuendeshwa na kompyuta yenye prosesa ya 386 na RAM ya MB 4, kwa picha zisizozidi 35 kwa sekunde. Laptopu dhaifu kabisa unayoweza kuipata Karatu leo, yenye RAM ya GB 2, ina kumbukumbu zaidi ya mara 500 ya hiyo. Usimsikilize anayekuambia uongeze RAM kwanza.

Uamuzi wa pili wa Carmack ndio ulioliweka gemu hili hai hadi leo. Alitenganisha injini na vilivyomo. Injini ni programu inayochora na kuhesabu. Ramani, picha, sauti na muziki vinakaa kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa .wad. Chukulia redio ya kaseti na kanda zake: ukibadilisha kanda unasikia wimbo mwingine, na redio ikichakaa unanunua nyingine ukaendelea na kanda zako. Desemba 1997 kampuni iliutoa msimbo chanzo wa injini hadharani, na mwaka 1999 ikauweka chini ya leseni huria ya GPL. Ndiyo maana watu waliweza kuandika injini mpya za Windows, Linux na Android za sasa, na zote zinasoma mafaili yale yale ya 1993.

Unachohitaji na namna ya kukipata

Vitu viwili tu: injini na faili la .wad.

Kwa injini, nakushauri uanze na Chocolate Doom. Hii imeandikwa ili ifanane na gemu la awali kwa kila kitu, hata makosa yake, na ni nyepesi sana. Ukishaizoea, ongeza Crispy Doom, ndugu yake mwenye picha kali maradufu na nyongeza chache za kumrahisishia mchezaji. Utawasikia wengine wakisifu GZDoom. Ni injini nzuri yenye mambo mengi, lakini inataka kadi ya picha yenye nguvu. Kwenye laptopu kuukuu itakukatisha tamaa bure. Iache kwa sasa.

Kwa faili la .wad, kuna njia mbili zisizo na gharama na zisizo na hatia. Ya kwanza ni sehemu ya kwanza ya Doom lenyewe, yenye levo tisa, moja kati yake ikiwa ya siri. Kampuni iliitoa tangu mwanzo ili watu wanakiliane bure, na anayetaka sehemu zilizobaki ndiye anunue. Faili lake ni doom1.wad, la MB 4 hivi. Picha moja uliyopiga kwa simu yako inaweza kuwa na ukubwa huo. Ya pili ni Freedoom, kazi ya watu wanaojitolea ambao wamechora adui, kuta na levo zao wenyewe, wakatunga na muziki, ili injini za Doom zipate gemu kamili lenye leseni huria. Lina awamu mbili, freedoom1.wad na freedoom2.wad. Sehemu za Doom za kulipiwa zinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo, ila utahitaji kadi inayokubali malipo ya mtandaoni. Kuzichukua kwa mlango wa nyuma ni wizi wa hakimiliki, na hapa huna sababu ya kuiba kwa kuwa za halali zinakutosha miezi.

Vyote nilivyovitaja havifiki MB 100. Ukienda Karatu mjini ambako mtandao una nguvu, vipakue kutoka tovuti rasmi za miradi yenyewe, uviweke kwenye fleshi, urudi navyo. Mtu mmoja akishavileta kijijini, wengine hawahitaji kuvipakua tena.

Fleshi ndiyo yenye hatari. Ile inayozunguka kwenye laibrari za muvi na vibanda vya kuingiza nyimbo hubeba virusi, hasa vile vinavyoficha mafolda yako na kuweka njia za mkato mahali pake. Kwa hiyo yaache mafaili yakiwa yamefungwa kama zip hadi yafike kwenye mashine ya mwisho, usibofye faili lenye mwisho wa .exe ambalo hukulipakua wewe au mtu unayemwamini, na ukimwona mtu anagawa "Doom kamili" kwenye kibanda, kataa.

Ukishafika nyumbani, tengeneza folda moja, fungua zip ya Chocolate Doom humo, weka doom1.wad pembeni yake, kisha bofya ikoni. Hakuna usajili, hakuna akaunti, hakuna swali la barua pepe.

Na simu je? Programu za kuendesha Doom kwenye Android zipo na zinafanya kazi. Lakini gemu hili liliundwa kwa ajili ya vitufe, na kidole juu ya kioo hufunika nusu ya unachokitazama. Kama simu ndiyo pekee uliyo nayo, chomeka kibodi ndogo kwa waya wa OTG, utaona tofauti.

Kuseti kabla ya kucheza

Wengi wanaolionja Doom leo huliacha ndani ya dakika tano kwa sababu ya mambo manne madogo ambayo yanarekebishika.

La kwanza ni kipanya. Katika gemu la awali, ukisukuma kipanya mbele, mtu wako anatembea mbele. Mchezaji wa leo anageuza kichwa tu na kujikuta amejitupa katikati ya adui. Fungua programu ya kuseti inayokuja pamoja na injini, ingia kwenye sehemu ya kipanya, uzime mwendo wa wima.

La pili ni vitufe. Mpangilio wa zamani ni mishale ya kutembea, Ctrl ya kufyatua, kitufe kirefu cha nafasi cha kufungua milango, Shift ya kukimbia na Tab ya kuona ramani. Kama umezoea W, A, S na D, badilisha hapo hapo. Lakini hakikisha una vitufe viwili vya kutembea kiubavu, kwani bila hivyo hutafika levo ya tatu.

La tatu ni mwanga. Doom lina vyumba vya giza kwa makusudi, na nyumba zetu za Baray saa nane mchana zina mwanga mkali unaoingia kila upande. Bonyeza F11 kuongeza mwangaza wa gemu badala ya kupandisha mwanga wa kioo, maana huo wa kioo unakula betri.

La nne ni kizunguzungu. Watu kadhaa hupata kichefuchefu wakitazama mwendo wa kasi kwenye kioo kilicho karibu. Kaa mbali kidogo, usizime taa ya chumbani, na bonyeza kitufe cha kutoa (-) ili dirisha la picha lipungue. Crispy Doom inakuruhusu pia kupunguza kuyumba kwa bunduki unapotembea. Ukiona bado tumbo linapanda, acha na urudi kesho. Mwili wa wengi huzoea, na wa wengine hauzoei kabisa, usishindane nao.

Kucheza kwa akili

Kuna ngazi tano za ugumu. Anza na ya pili. Ya kwanza hukupa risasi maradufu na kupunguza nusu ya maumivu, inamfaa mtoto wa sekondari ya juu au mtu ambaye hajawahi kushika kipanya. Ya tano ni ya waliokwisha kulikariri gemu: adui wana kasi na wakifa wanafufuka.

Unaanza na bastola na risasi 50. Huwezi kutazama juu wala chini, na wala huhitaji. Ukielekeza bunduki upande alipo adui, risasi yenyewe hupanda au kushuka kumfuata. Kwa hiyo akili yako yote iweke kwenye miguu. Hili ndilo linalowachanganya waliotoka kwenye magemu ya sasa, ambako mtu hujibanza nyuma ya ukuta, akasubiri afya irudi yenyewe, kisha akachungulia tena. Kwenye Doom afya hairudi bila kuokota dawa, na anayesimama ndiye anayekufa.

Jifunze kutofautisha adui wawili. Mazombi wenye bunduki risasi zao hufika papo hapo, huwezi kuzikwepa, kwa hiyo hao wawahi wewe au jifiche kwenye kona. Pepo wa kahawia anayerusha moto ni mwingine kabisa: mpira wake husafiri, unauona unakuja, na hatua moja ya kiubavu inakutosha. Ukiingia chumba chenye wote wawili, anza na mazombi.

Kisha tumia ugomvi wao. Adui akipigwa na mwenzake wa aina nyingine, humgeukia yule aliyempiga. Jiweke katikati ya pepo na zombi, acha mpira wa moto ukukose na umpate zombi, halafu rudi nyuma uwatazame wakimalizana. Risasi zako utazihitaji mbele. Mapipa ya sumu nayo hulipuka. Usisimame karibu nayo, ila usiyapoteze pia.

Kila unapofyatua, adui walioko kwenye vyumba vilivyounganika na chako husikia na kuamka. Mchezaji mjanja huingia levo mpya, hufyatua mara moja, kisha hungoja mlangoni waje kwake mmoja mmoja.

Kuta tazama kwa jicho la fundi. Ukuta ambao mchoro wake umekaa tofauti na jirani zake, au una kivuli cha peke yake, huenda ni mlango wa siri. Usogelee ubonyeze kitufe cha kufungulia. Levo ya tatu ina njia ya kutokea ya siri inayokupeleka kwenye ile levo ya tisa. Sikuambii iko wapi.

Hifadhi kwa F6, rudia kwa F9. Hapa ninao msimamo: hifadhi mwanzoni mwa levo na mara moja katikati, basi. Anayehifadhi kila baada ya adui mmoja hamalizi kujifunza kitu, na anayekataa kuhifadhi kabisa hatamaliza gemu mahali ambapo umeme unaweza kukatika. Maneno ya siri kama IDDQD, linalokufanya usife, yaweke akiba. Yatakufaa sana tutakapofika kwenye kujenga.

Levo nyingi za sehemu ya kwanza huchukua dakika 10 hadi 20 kwa mgeni. Kwa mtu anayengoja zamu yake ya maji mferejini usiku, hicho ndicho kipimo. Cheza levo moja, funga laptopu, nenda ukafungue maji. Gemu la mtandaoni halikuruhusu kuondoka katikati bila kuwaudhi wenzako. Hili halina wenzako wa kuwaudhi.

Umeme, joto na vumbi

Baray iko chini bondeni, na joto lake si la Karatu mjini. Ziwa Eyasi likikauka, upepo huokota vumbi lake jepesi la magadi na kulitawanya hadi ndani ya nyumba. Hilo huziba feni ya laptopu mapema kuliko matumizi yenyewe. Usiweke mashine juu ya kitanda au kitenge. Iweke mezani, na ikiwezekana inyanyue nyuma kwa vibao viwili. Kila baada ya muda mpe fundi aifungue na kuipiga brashi. Ukimaliza kucheza, ifunike kwa kitambaa baada ya kupoa, si kabla.

Kwa wanaotumia sola, wepesi wa Doom ni fedha. Laptopu inayofanya kazi nyepesi hula umeme kidogo kuliko ile inayohangaika, na gemu hili haliihangaishi. Hata hivyo inveta ndogo hupoteza sehemu ya umeme njiani, kwa hiyo chaji laptopu mchana jua likiwa kali, na usiku cheza kwa betri yake yenyewe. Betri ya sola ibaki kwa taa na simu.

Kwa wazazi

Mzazi ana haki ya kuuliza, na ajibiwe ukweli. Doom lina damu nyingi, na sehemu zake za mbele zina mafuvu na alama za kishetani. Mapepo humo ni adui wa kupigwa, hayatukuzwi, lakini picha zipo na haziwezi kufichwa. Tarehe 9 Desemba 1993, siku moja kabla ya gemu hili kutoka, Bunge la Seneti la Marekani lilikuwa likisikiliza hoja kuhusu ukatili katika magemu ya video, na mwaka uliofuata kukaundwa chombo cha kuyapanga kwa umri. Doom liliwekwa kwenye kundi la miaka 17 na kuendelea. Fuata kipimo hicho. Kwamba picha zake leo zinaonekana za vitone vitone hakumfanyi mtoto wa darasa la tano kuwa tayari.

Kwa wadogo kuna njia nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mwaka 1996 nafaka za Chex za kifungua kinywa ziliuzwa Marekani zikiwa na diski ya gemu ndani ya boksi, Chex Quest, lililojengwa juu ya injini ile ile ya Doom. Adui zake ni viumbe vya ute wa kijani, na silaha haiwaui, inawarudisha kwao. Lina levo tano, na Chocolate Doom inaliendesha ukiweka mafaili yake mawili, chex.wad na chex.deh, kwenye folda. Mtoto atajifunza kusoma ramani na kutembea kwenye dunia ya pande tatu bila damu hata tone.

Kwa wote, weka laptopu sebuleni, si chumbani. Na kaa na mtoto mara moja umtazame anavyocheza; utajua zaidi kuliko kwa kuuliza.

Wawili kwa hotspoti moja

Doom lilitoka likiwa na uwezo wa kuchezwa na watu wanne kwenye kompyuta zilizounganishwa, na hapa kwetu jambo hili ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Washa hotspoti ya simu moja, unganisha laptopu zote kwayo. Mara nyingi huhitaji bando hata la shilingi moja, kwa sababu data haiendi nje. Inazunguka humo chumbani kwa Wi-Fi ya simu hiyo. Katika programu ya kuseti ya Chocolate Doom, mmoja aanzishe gemu la mtandao na wengine wajiunge. Hakikisheni toleo la injini na faili la .wad ni lile lile kwa kila mmoja, na Windows ikiuliza kama iruhusu muunganisho, ikubalieni.

Anzeni kwa kushirikiana dhidi ya adui wa gemu, si kuuana ninyi kwa ninyi. Mnaposhirikiana mmoja hufunika kona na mwenzake hukimbilia ufunguo, na yule asiyejua hujifunza kwa anayejua. Mkianza na kuuana, aliyefika jana hatarudi kesho.

Kujenga levo yako

Hapa ndipo ninapotaka ufike. Kucheza Doom kunapendeza. Kulijenga kunakuachia ujuzi. Mwaka 2015 Andrew Kaggia wa Kenya na studio yake ya Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu la kufyatua risasi ambamo Nairobi inavamiwa na viumbe wa anga za nje. Njia ya kufika huko ni ndefu, lakini hatua ya kwanza unaweza kuipiga kwenye laptopu hiyo hiyo.

Tahadhari moja kwanza: doom1.wad ya bure inakataa kuongezewa levo za watu. Kampuni iliweka kizuizi hicho ili wanaotaka zaidi wanunue. Kwa kujenga tumia freedoom2.wad pamoja na Crispy Doom. Kwa uchoraji wa ramani, programu nyepesi ya bure ni Eureka.

Usianze na kompyuta. Anza na karatasi, na chora mahali unapopajua: ghala la vitunguu, mfereji unaoshuka kutoka chemchemi ya Qangded, nyumba ya pampu, barabara ya kwenda Karatu. Ramani ya Doom huchorwa kutoka juu, kama anayetazama shamba akiwa angani. Mistari huzungushia maeneo, na kila eneo lina kimo cha sakafu, kimo cha dari na kiasi cha mwanga kati ya 0 na 255.

Vipimo hivi viweke kichwani. Mchezaji ana urefu wa vipimo 56, kwa hiyo dari ikiwa chini ya hapo hapiti. Anaweza kupanda ngazi ya vipimo 24, si zaidi. Chimba mfereji wa vipimo 16 na atauvuka bila shida. Uchimbe wa 32 na atanaswa humo hadi umwekee kipandio. Tayari unaona jinsi kina cha mfereji kinavyogeuka kuwa fumbo. Geti la maji lifanye mlango wa ufunguo mwekundu, na ufunguo uufiche ndani ya ghala. Anayetaka kuvuka lazima apite kwanza penye giza.

Utakutana na ukuta mmoja usiovunjika. Injini ya asili haijui chumba juu ya chumba. Kalavati, ambalo gari hupita juu na maji hupita chini, haliwezekani: mahali pamoja pana sakafu moja na dari moja tu. Usilalamike, zunguka. Wabunifu wa 1993 walikuwa na kizuizi hicho hicho, na levo zao zilipata umbo lake kwa kukikwepa.

Ukihifadhi, Eureka itaifanya ile kazi ya kupasua ramani vipande viwili viwili niliyoieleza mwanzoni. Buruta faili lako uliweke juu ya ikoni ya Crispy Doom, na utakuwa umesimama kwenye mfereji wako. Sasa IDDQD ina kazi: tembea kila kona bila kufa, uone mlango upi haufunguki na adui yupi amekwama ukutani.

Levo ya kwanza iwe ndogo, vyumba vitano au sita. Usiongeze cha saba kabla mtu mwingine hajaicheza. Mwite, mpe kiti, kaa nyuma yake na daftari, na usimwelekeze hata akipotea. Andika kila mahali aliposimama kujiuliza aende wapi. Akiondoka, rudi kwenye Eureka uanze na mahali pa kwanza kwenye orodha hiyo.